Shajara ya safari ya skii Svalbard: Billefjorden hadi Newtontoppen

Novemba: njia na ruhusa

Mradi wenyewe ni huu. Kundi la watu wanane, viongozi wawili wakiwamo, litatembea kwa skii likivuta pulka kutoka mwisho wa ghuba ya Billefjorden, lipande mto wa barafu wa Nordenskiöldbreen, likate uwanda wa barafu wa Lomonosovfonna na kufika milima ya Atomfjella. Huko, hali ya hewa ikiruhusu, tutapanda Newtontoppen, mita 1,713, kilele kirefu kuliko vyote Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo Aktiki. Kisha tunageuza na kurudi kwa njia ileile. Tumetenga wiki mbili kasoro, kuanzia katikati ya Aprili.

Kwa asiyezijua, pulka ni sleji ya plastiki ngumu inayofungwa kiunoni kwa mkanda na fito mbili. Skii za safari hizi nazo si zile za mashindano ya kwenye televisheni. Ni nyembamba, zina kingo za chuma, kisigino cha kiatu kiko huru, na chini yake hubandikwa utepe wenye manyoya yanayolala kuelekea nyuma. Skii husonga mbele vizuri lakini mlimani hairudi nyuma. Utepe huo tunauita ngozi, ingawa siku hizi ni nailoni au singa za mbuzi.

Kiongozi mkuu ni Mnorwei aliyeizoea barafu ya huko. Mimi ni msaidizi wake, na kwa kuwa yeye hana subira na hesabu za jikoni, chakula, mafuta na kazi ya kuhakikisha vitu vinabaki vikavu vimeniangukia mimi. Shajara hii itaegemea huko. Mandhari wataandika wengine, na picha zipo tele.

Ruhusa. Mgeni anayetoka nje ya eneo la kawaida linalozunguka Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivi, lazima atoe taarifa ya safari kwa Sysselmester, yaani gavana wa Svalbard, na aonyeshe bima au dhamana ya kulipia utafutaji na uokoaji. Ofisi hiyo moja ndiyo polisi, ndiyo inayolinda mazingira na ndiyo inayotuma helikopta ukipiga simu ya dharura, kwa hiyo wanasoma mpango wako wakijua kwamba ukiharibika ni wao watakaokufuata. Tumepeleka njia, tarehe, akiba ya chakula, aina ya silaha na namba ya simu ya setilaiti.

Nimeulizwa kuhusu viza na jamaa wa Dar na wa Nairobi, basi niandike hapa mara moja. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini ndege zinapitia Norwei bara, ambayo imo ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Svalbard iko nje ya Schengen. Mwenye pasipoti yetu anayetoka nyumbani anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Akiwa na ya kuingia mara moja tu, atafika Longyearbyen salama na kukosa mlango wa kurudia.

Januari: chakula na mafuta

Watu wakisikia Aktiki wanauliza kuhusu baridi. Mimi tangu mwezi huu uanze sijahesabu kitu kingine ila maji.

Svalbard ni jangwa. Longyearbyen hupata milimita 200 hivi za mvua na theluji kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na cha Lodwar kule Turkana. Maji yamejaa kila upande, karibu asilimia 60 ya nchi imefunikwa na barafu, lakini hakuna hata kikombe kimoja cha kunywa mpaka ukiwashe jiko. Mtu anayevuta pulka kutwa anahitaji lita nne au zaidi kwa siku, kuanzia chai ya asubuhi, chupa za njiani, hadi maji ya kurudishia chakula kilichokaushwa. Yote hayo ni theluji iliyoyeyushwa.

Kuyeyusha kuna gharama ambayo mpishi wa nyumbani haioni. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri hula kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi sifuri, maana yake umetumia moto ambao ungeyapasha maji hayohayo hadi karibu nyuzi 80, na bado ukichovya kidole ni baridi vilevile. Theluji ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ongeza kilojuli nyingine 40 na kitu za kuifikisha tu kwenye sifuri. Kwa hesabu hiyo karibu nusu ya mafuta huishia kabla maji hayajaanza kupata joto. Ndiyo maana kanuni ya safari za majira haya ni robo lita ya mafuta kwa kila mtu kwa siku. Kwa kundi letu ni lita mbili kila siku, na jumla kama 26 pamoja na akiba ya dhoruba.

Mitungi ya gesi tumeikataa. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka chini ya sifuri kidogo tu. Propani huvumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, ila mchanganyiko wa kwenye mitungi midogo huanza kwa kuchoma propani, na butani hubaki imelala chini kama supu. Tunatumia benzini nyeupe, ile iliyosafishwa kwa ajili ya majiko ya pampu. Ndegeni haipandi, kwa hiyo tumeagiza dukani Longyearbyen. Majiko nayo lazima yasafishwe mpaka yasitoe hata harufu ya mafuta, la sivyo yatabaki uwanja wa ndege.

Chakula: kilo moja hivi kwa mtu kwa siku, itoe kalori 5,000 au karibu. Hapa nimepata ushindi mdogo. Orodha ya zamani ya kiongozi ilikuwa na siagi nyingi, kila mtu na pakiti yake. Siagi ina maji, kama asilimia 16, na kubeba maji kwenda kwenye barafu ni kupeleka mchanga pwani. Nimeweka samli. Ni mafuta matupu, inakaribia kalori 900 kwa gramu mia wakati siagi iko kwenye 700 na kitu, haiharibiki, na kwenye uji wa shayiri inanukia kuliko siagi. Nimeikata vipande kabla haijaganda, maana kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kisu hakiingii. Kiongozi alionja, akanyamaza, akaongeza kijiko cha pili.

Pia korosho za Mtwara nilizoletewa, zilizokaangwa bila chumvi nyingi. Chumvi huleta kiu, na kiu tumeshaona inakula nini. Kashata za karanga nimezivunja vipande vidogo. Nzima ingemng'oa mtu jino.

Dagaa nimeacha nyumbani. Kila mtu anaelewa kwa nini.

Februari: mazoezi Finnmark

Tulikutana Finnmarksvidda, nyanda za ndani za kaskazini ya Norwei bara, ambako baridi ni kavu na ya kweli. Kundi lilikutana hapo kwa mara ya kwanza. Yumo dada mmoja wa Moshi, sasa anaishi Norwei, ambaye aliwahi kuongoza wageni Kilimanjaro. Nilimwogopa kidogo. Waliozoea mlima mmoja huwa wanaujua mlima ule tu.

Hofu haikuwa na msingi. Tulipoanza kuvuta, vijana wawili wa kundi waliondoka kwa kasi, koti zimefungwa hadi shingoni, na baada ya nusu saa walikuwa wanafuka mvuke mgongoni. Yeye alikuwa nyuma kabisa, amefungua zipu, kofia ameitia mfukoni.

“Dada, uko sawa?” nikamuuliza.

“Niko sawa sana, mdogo wangu. Wale ndio hawako sawa. Pole pole ya Kilimanjaro ni ya hewa, hii ni ya jasho. Jasho la saa nne ni baridi ya saa kumi.”

Tulipofika saa kumi wale vijana walikuwa wamesimama wanatetemeka huku sisi tukisimamisha mahema. Shati la ndani likilowa wakati wa kazi halina mahali pa kukaukia. Unaposimama, lile jasho linaanza kukunyonya joto, na kufikia asubuhi ile sehemu ya koti iliyokuwa juu ya mabega imekuwa ubao. Kanuni tuliyokubaliana ni kuanza safari ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukiona raha ulipoanza, umevaa kupita kiasi. Dakika 50 za mwendo, kumi za kupumzika, na kwenye mapumziko unavaa koti kubwa kabla hujafungua hata chupa.

Usiku ndio wenye hila zaidi. Mwili hauachi kutoa unyevu ukilala. Mvuke huo hupita kwenye manyoya ya begi la kulalia, na unapokaribia ganda la nje hukutana na baridi na kuganda humohumo. Begi la kulalia la safari ndefu haliloi, linajenga barafu ndani, usiku kwa usiku, linakuwa zito na jembamba. Mwaka 1895 Fridtjof Nansen na Hjalmar Johansen, wasafiri wa Aktiki kutoka Norwei, walipoiacha meli yao na kuelekea Ncha ya Kaskazini kwa skii na sleji, jasho liliganda kwenye nguo zao za sufu zikawa kama deraya, na mikono ya koti ikamkata Nansen ngozi ya vifundo vya mikono hadi vidonda. Siku hizi dawa ni nyepesi, nayo ni gunia jembamba lisilopitisha mvuke, unaingia ndani yake kwanza, kisha ndani ya begi. Miguuni vivyo hivyo: soksi nyembamba, mfuko wa plastiki, kisha soksi nene na kiatu. Mguu unabaki na unyevu wake, kiatu kinabaki kikavu.

Haipendezi. Asubuhi unatoka umenyevuka kama uliyelala Tanga mwezi wa pili bila feni. Mshiriki mmoja alisema hataki, atalala anavyolala siku zote. Hatukumlazimisha.

Machi: barafu ya bahari

Mwezi mzima umeenda kwa kuangalia ramani za barafu ambazo Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei huzitoa siku za kazi. Swali ni dogo: je, tutafikaje Billefjorden?

Njia ya kawaida ya skuta za theluji kutoka Longyearbyen hupita bonde la Sassendalen, hukata barafu ya Tempelfjorden, hupanda Gipsdalen na kushukia Billefjorden. Inategemea ghuba zigande. Ghuba kuu, Isfjorden, imeacha kuganda kwa uhakika tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa sababu maji ya uvuguvugu ya Atlantiki yanayopanda kando ya pwani ya magharibi huingia humo. Billefjorden ina bahati ya umbo. Mdomoni ina kizingiti chini ya maji kinachoyazuia yale maji ya uvuguvugu, hivyo huganda hata jirani zake zinaposhindwa. Tempelfjorden ndiyo ya kubahatisha.

Juu ya hayo kuna sheria. Kanuni za kuendesha skuta juu ya barafu ya bahari zimekazwa, na tangu 2025 umbali wa kukaa na dubu mweupe ni mita 300 kwa mwaka mzima, ila kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Sababu yake iko juu ya barafu hiyohiyo. Majira haya sili huzalia watoto kwenye mashimo ya theluji juu ya barafu ya ghuba, na dubu jike aliyetoka pangoni na watoto wake baada ya miezi ya kutokula huja kuwinda hapo. Mtu mwenye injini hana shughuli ya kumfukuza mezani.

Kiongozi ameamua: skuta zituzungushe kwa nchi kavu na mito ya barafu upande wa mashariki, hata kama Tempelfjorden itaonekana nyeupe kwenye ramani. Ni mbali zaidi na bei imepanda. Washiriki wawili walilalamika kidogo. Naona ameamua vizuri. Ramani ya setilaiti inakuambia kuna barafu, haikuambii unene wake chini ya theluji.

Jambo jingine linalotutia wasiwasi ni mvua. Februari 2025 Svalbard ilipata joto lisilo la kawaida hadi theluji ikayeyuka na madimbwi yakasimama katikati ya kipupwe, na mwishoni mwa Januari 2012 kulikuwa na mvua kubwa ya namna hiyo. Mvua juu ya theluji huganda ikawa tabaka la kioo, na theluji mpya ikikaa juu ya kioo hicho inakuwa tayari kuporomoka. Hata mjini si salama. Desemba 19, 2015 maporomoko yalishuka Longyearbyen na kuua watu wawili ndani ya nyumba zao. Tumeongeza mazoezi ya vifaa vya kutafutia aliyefukiwa: kifaa cha mawimbi kifuani, ufito mrefu wa kuchokolea, na sepeto.

Aprili: Longyearbyen

Siku za kupima na kupakia. Kila pulka inakaribia kilo 60. Mafuta yanakaa pulka tofauti na chakula, na kwenye pulka ya mafuta yanawekwa nyuma, chini, yamesimama wima. Tone moja la benzini kwenye mfuko wa maziwa ya unga na huyo mtu hana kifungua kinywa safari nzima.

Silaha. Bunduki mbili za kukodi, za kiwango kinachotakiwa kwa dubu, yaani .308 au .30-06, pamoja na bastola za fataki za kumtisha dubu, ambazo ndizo tunazotegemea kwanza. Tumefyatua wote kwenye uwanja wa shabaha. Bunduki inafutwa mafuta ya kulainishia karibu yote, kwani kwenye baridi yanageuka gundi na kufunga pini. Na haiingii ndani ya hema hata siku moja. Ukiiingiza kwenye joto la jiko, mvuke unatua juu ya chuma baridi, ukiitoa nje mvuke unaganda ndani ya mtambo, na siku unayoihitaji unavuta kitasa hakisogei. Inakaa nje, kavu, ndani ya mfuko wake. Kamera zina kanuni hiyohiyo, ila kamera ikiganda unakosa picha tu.

Waya wa tahadhari unazunguka kambi, ukiguswa unawasha fataki. Tumeujaribu kila kiungo. Agosti 2011, kwenye Von Postbreen, si mbali na njia yetu ya skuta, dubu aliingia katika kambi ya kundi la vijana, waya haukutoa mlio, na mvulana mmoja akauawa, wengine wakajeruhiwa. Kwa hiyo waya tunao, na zamu ya usiku tunayo vilevile. Hakuna aliyelalamika kuhusu zamu.

Aprili: Nordenskiöldbreen

Skuta zimetuacha na kugeuza. Mngurumo wao ulisikika muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ng'ambo ya ghuba, upande wa magharibi, yanaonekana majengo ya Pyramiden, mji wa wachimba makaa wa Kisovieti ambao mgodi wake ulifungwa 1998.

Sehemu ya chini ya mto huu wa barafu ina nyufa nyingi. Aprili ndio mwezi wake mzuri, kwa kuwa theluji ya kipupwe chote imejenga madaraja manene juu ya nyufa na bado ni ya baridi, haijalegea. Hata hivyo tumefungana kamba, mita 15 kati ya mtu na mtu, na mafundo katikati ya kamba ili mmoja akidumbukia mafundo yang'ang'anie ukingo wa theluji. Pulka nayo inafungwa kwenye kamba kwa nyuma. Isipofungwa hivyo, mtu akianguka kwenye ufa ataanguka kwanza yeye, kisha kilo 60 zitamfuata kichwani.

Kiongozi alikuwa mbele anachokoa kwa ufito. Mara mbili ulizama wote bila kugusa kitu, akanyanyua mkono, tukarudi nyuma hatua kadhaa na kuzunguka. Hakuna aliyedumbukia. Jioni tulifika juu ya ukanda wa nyufa, tukavua kamba kabla ya giza ambalo halikuja. Kwa tarehe hizi jua linaelekea kutokuzama tena mpaka Agosti.

Lomonosovfonna

Weupe. Juu ya uwanda huu wingu likishuka na kukutana na theluji, mbingu na nchi zinakuwa kitu kimoja na mtu wa mbele hajui kama anapanda au anashuka. Kiongozi anatengeneza donge la theluji na kulirusha mbele yake, akiona linapotua anajua ardhi iko wapi. Mimi nimekaa wa pili na dira mkononi, namwambia kushoto, kulia. Mwendo wa kinyonga, lakini unyoofu ulipopimwa kwa GPS haukuwa mbaya.

Sasa niandike asubuhi ya hema, maana ndiyo kazi ninayoulizwa zaidi na ndiyo isiyopigwa picha. Tunaamka saa kumi na mbili. Nje nyuzi 24 chini ya sifuri, ndani si bora sana. Pumzi za watu wanne za usiku kucha zimegeuka sakitu na kujishika kwenye kitambaa chote cha ndani, manyoya meupe yenye urefu wa kucha. Ukigusa hema kwa bega inakunyeshea shingoni. Jambo ambalo mgeni hulifanya, akiwa anatetemeka, ni kuwasha jiko kwanza. Ukiwasha jiko sakitu inayeyuka, inadondoka juu ya mabegi, na mabegi yanakunywa. Kwa hiyo jiko linasubiri. Mtu mmoja anatoa mkono mmoja tu kwenye begi, anachukua kifagio kidogo cha mkono, anafagia kuanzia kwenye paa kwenda chini, taratibu, kisha anakusanya ule unga mweupe na kuumwaga kwenye shimo la mlangoni. Ukiwa bado mkavu, unafagilika kama unga wa sembe mezani. Kisha mabegi yanapigwapigwa kwa nje, yanakunjwa. Hapo tu ndipo kiberiti.

Sufuria haiwekwi theluji tupu. Theluji ni hewa zaidi kuliko maji, chini yake hujitokeza uwazi, sufuria inaungua na chai inanuka moshi. Usiku tunaacha kikombe cha maji ndani ya chupa ya moto kwa ajili ya kuanzishia. Theluji yenyewe hatuchoti ya juu. Ukichimba kwa sepeto unakuta tabaka la punje kubwa kama sukari guru iliyosagwa vibaya, hiyo ina maji mengi kwa sufuria moja kuliko ile laini ya juu. Dada wa Moshi ndiye aliyekuwa na jicho la kuitambua upesi. Kazi hiyo sasa ni yake na hamwachii mtu.

Yule aliyekataa gunia la plastiki ameanza kulala na koti.

Upepo ulitufungia hemani. Tulijenga ukuta wa matofali ya theluji upande wa upepo, tukala nusu mgao wa mchana kwa kuwa hatukuvuta, na kuokoa mafuta. Zamu ya dubu iliendelea hata humo: mtu mmoja nje, amejifunga hadi macho, akizunguka mahema. Hakuna alama ya dubu tuliyoiona juu ya uwanda. Mbweha mmoja alipita, akanusa pulka ya chakula, akaenda zake.

Newtontoppen

Wingu lilifunguka asubuhi na milima ya Atomfjella ikasimama mbele yetu. Tuliacha kambi, tukachukua pulka moja yenye hema la dharura, jiko na mafuta, tukaanza kupanda.

Mlima huu si wa kamba na mashoka. Ni kuba pana, unapandika kwa skii hadi juu kabisa. Jirani yake Perriertoppen, anayepungua mita moja tu hivi, ndiye mkali. Aliyefika Newtontoppen kwanza ni Helge Backlund, Agosti 4, 1900, akiwa na msafara wa Wasweden na Warusi waliokuja kupima tao la meridiani, yaani kipande cha mstari wa kaskazini-kusini wa Dunia. Walitaka kujua Dunia imebonyea kiasi gani kuelekea ncha, jambo ambalo Isaac Newton alilikokotoa akiwa mezani kwake karne mbili kabla. Mlima ukapewa jina lake. Napenda kufikiri juu ya wale watu waliobeba vyombo vya kupimia pembe huku juu, bila nailoni na bila samli.

Gundi ya ngozi za skii ilianza kuachia karibu na juu. Ikipata vumbi la theluji kwenye baridi hii haishiki tena. Nilikuwa na jozi ya akiba ndani ya koti, kifuani, zenye joto. Tukambadilishia aliyekwama, zile zilizoganda zikaingia kifuani kwangu. Shati lililowa kidogo, lakini tulikuwa hatua chache kutoka juu.

Kileleni tulikaa muda mfupi. Upepo ulikuwa mdogo ila ulikata. Kusini, uwanda wote tuliouvuka bila kuuona sasa ulikuwa wazi, na mstari wa nyayo zetu ukionekana kwa mbali. Dada aliuliza kama nina korosho zilizobaki. Zilikuwapo. Tulishuka kwa skii kwenye theluji ngumu yenye mikunjo ya upepo, magoti yakigonga, hakuna aliyeshuka kwa madaha.

Mwisho wa Aprili: kurudi na hesabu

Kurudi kulikuwa kwa upesi, pulka zimepungua uzito na nyayo zetu bado zilikuwapo sehemu kubwa ya njia. Ukanda wa nyufa tuliupita usiku, theluji ikiwa ngumu zaidi, kwa kamba kama awali.

Tukiwa Longyearbyen nimetandika mabegi yote ya kulalia sakafuni chumba cha kukaushia na kuyanyanyua moja moja. Yaliyotumika na gunia la ndani yanakaribia uzito wake wa siku ya kwanza. Lile la yule mwenzetu lilikuwa zito mkononi hata kabla sijalifungua, na lilipopata joto liliacha duara la maji sakafuni. Mwenyewe alisimama akaliangalia, akauliza gunia la plastiki linauzwa wapi.

Mafuta yaliyobaki ni lita nne na ushee, ambayo ni akiba ya siku mbili kama tulivyopanga, kwa hiyo robo lita inabaki kuwa kanuni. Samli iliisha yote. Kashata zilibaki, watu walizichoka, kwa kundi lijalo zipunguzwe nusu na korosho ziongezwe. Vifagio viwe viwili kwa kila hema, kimoja kilivunjika mpini kwenye dhoruba. Ngozi za akiba ziwe jozi tatu badala ya mbili, na kila hema libebe yake. Bunduki zimerudishwa, taarifa ya kumaliza safari imepelekwa kwa Sysselmester, na majiko yanaoshwa leo kabla ya ndege ya kesho.